Nyama Mezani na Miiko Yake

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za nyama, hasa nyama ya ng'ombe, na maneno ambayo sisi watu wa Bukoba na Muleba huyasema juu yake tangu zamani. Pengine mtu atauliza: Mwalimu ana habari gani za nyama, naye si mchinjaji wala si mpishi? Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba tuliingizwa katika mambo haya na wanafunzi wetu wenyewe, usiku mmoja, mezani, na tangu usiku ule hatukupata raha mpaka tulipoyafikiri mpaka mwisho.

Mambo yalikuwa hivi. Mwezi wa Desemba mwaka 2023 wanachuo 12 wa darasa letu la ualimu walikuwa wamemaliza masomo. Desturi ni kununua soda na biskuti, kuimba nyimbo mbili tatu, kisha kila mtu hufunga sanduku lake akaenda kwao. Safari hii walitujia wakasema, Mwalimu, tumechanga fedha kidogo kidogo tangu mwanzo wa muhula, twataka kwenda mjini Bukoba tukale steki. Tulicheka. Walakini walikuwa na sababu. Neno hilo walikuwa wamelisoma mara nyingi katika vitabu vya Kiingereza, nao walikuwa karibu kwenda kuwafundisha watoto vitabu hivyo hivyo, na hata mmoja wao hajapata kuiona steki kwa macho. Tukaona si vibaya. Mwalimu afundishaye neno asilolijua ni kama mtu auzaye mbegu ambazo hajapata kuzipanda.

Kwa wale wasioijua, steki si mnyama mwingine wala si dawa. Ni pande la mnofu wa ng'ombe lililokatwa nene kama vidole viwili, aghalabu nyama ya mgongo au sarara, ambayo hupikwa kwa moto mkali muda mfupi, bila kuchemshwa, ikaliwa peke yake na viazi au mboga. Kila mtu hupewa pande lake zima. Jambo hili la pande zima kwa kila mtu lishikeni akilini, maana tutalirudia.

Basi tukaketi karibu na ziwa, upepo ukivuma. Mwandazi akaja akatuuliza: Iive kabisa, iive nusu, au ibaki nyekundu ndani? Watu wakatazamana. Kijana mmoja wa Kamachumu, ambaye huwa haogopi kujibu hata asilolijua, akasema, Ilete kama wanavyokula Wazungu. Ikaletwa. Wa kwanza aliyekata alimwona maji mekundu yakitiririka sahanini, akaweka kisu chini. Mwingine akasema kwa sauti ya chini, Ni damu. Wa tatu, ambaye ni mtoto wa katekista, akatukumbusha barua waliyoiandika Mitume katika kitabu cha Matendo, sura ya 15, kuwakataza waamini damu. Na mwenzake Mwislamu akaitikia kwamba kwao nako damu ni haramu. Basi wakaafikiana, jambo lisilotokea kila siku katika darasa letu.

Katika kelele hizo kulikuwa na binti mmoja wa upande wa Nshamba, mtulivu, na mwanafunzi hodari kuliko wote katika somo la hesabu. Yeye hakusema neno la damu. Alilisogeza pande lake zima kwenye sahani ya kijana aliyeketi karibu naye, akachovya kiazi katika mchuzi, akasema, Mimi mchuzi unanitosha, nyama wape kaka zangu. Yule kijana akashukuru akakata. Wala hakuna aliyeshangaa. Hata sisi hatukushangaa. Tulikuwa tukishughulika na habari ya damu.

Tuanze basi na hiyo damu, maana ndiyo iliyopigiwa kelele.

Mnyama akichinjwa kwa kisu, kama tuchinjavyo hapa, damu yake nyingi humwagika. Yale maji mekundu yanayotoka katika nyama si damu ya mishipani. Ndani ya kila mnofu mna kitu kinachohifadhi hewa kwa kazi ya msuli, nacho huitwa mayoglobini. Rangi yake ni nyekundu, na kikichanganyika na maji ya nyama huonekana kama damu iliyotiwa maji. Msuli ufanyao kazi nyingi huwa nacho zaidi. Ndiyo sababu nyama ya ng'ombe ni nyekundu, na kidari cha kuku, ambaye haruki sana, ni cheupe. Nyama ikipata moto sana kitu kile hugeuka rangi kikawa hudhurungi. Kwa hiyo mtoto wa katekista na mwenzake hawakuwa karibu kuivunja sheria yoyote, nasi tuliwaambia hivyo, wakapumua.

Lakini hatukuwaambia wale. Tulimwita mwandazi tukamwomba airudishe nyama yote motoni mpaka ndani pasibaki wekundu. Sababu ni tegu. Tegu wa ng'ombe ni mnyoo mrefu kama utepe, aishiye katika matumbo ya binadamu, naye aweza kufika urefu wa mita 5 na zaidi. Mayai yake hutoka pamoja na choo cha mtu. Mtu akienda haja porini, mayai huingia katika majani, ng'ombe huyala, na ndani ya misuli ya ng'ombe hufanyika vijifuko vidogo vyeupe mfano wa punje za mchele. Nasi tukiila nyama hiyo haijaiva, tegu huanza maisha yake upya ndani yetu. Moto uivishao nyama mpaka katikati humwua. Kwa hiyo watu wakaao nchi ambazo kila mtu ana choo, na kila ng'ombe hukaguliwa, waweza kuila nyama nyekundu bila hofu kubwa. Sisi, mpaka vyoo vyetu vitakapokuwa vya hakika katika kila kijiji, na tuiache ikae motoni. Tena tununue katika bucha ambamo nyama ina muhuri wa afisa mifugo. Ule wino wa muhuri watu wengine huuogopa wakidhani ni sumu, wakakata kipande kile wakakitupa; nao ndio ushahidi kwamba mtu mwenye elimu ameitazama nyama ile kabla yao.

Hapo yafaa tuseme neno moja juu ya kibudu. Twajua ilivyo. Ng'ombe wa jirani ameamka amekufa zizini, hakuna aliyejua maradhi yake, na mwenyewe analia kwa hasara. Basi watu husema, Tumsaidie, kila mmoja anunue kilo moja. Huruma hiyo ni njema, lakini imeua watu. Ikiwa ng'ombe yule alikufa kwa kimeta, hata kumchuna tu ni hatari, na mbegu za ugonjwa ule hustahimili joto la chungu. Dini zetu zilikataza nyamafu kabla daktari yeyote hajaiona mbegu ya kimeta. Mwiko huo ni wa kweli, ushikeni. Mzoga usipasuliwe, aitwe afisa mifugo. Ikiwa mnataka kumsaidia jirani, mchangieni fedha.

Tumekwisha taja mwiko mmoja ulio wa kweli na hofu moja isiyo ya kweli. Iko mingine ambayo si ya kweli wala si ya uongo, nayo ni ile ya koo zetu. Kila ukoo wa Kihaya una muziro wake, yaani kitu wasichokila. Wahinda hawali nkende, yule tumbili. Wababito hawali ngabi, yaani pongo. Na koo nyingine vivyo hivyo, hata wako watu ambao muziro wao ni ng'ombe wa rangi fulani. Vijana wa siku hizi hupenda kuwacheka wazee kwa jambo hili. Sisi hatucheki. Muziro haujamnyima mtoto chakula cha haja, tena umewasaidia watu kujuana wasije wakaoana ndugu kwa ndugu. Nkende naye hakika hana la kulalamika.

Na liko jambo la maziwa na nyama. Mzungu yule Speke, aliyefika Karagwe kwa mfalme Rumanyika mwezi wa Novemba mwaka 1861, aliandika kwamba katika safari ile wenye ng'ombe walikataa kumwuzia maziwa kwa sababu yeye na watu wake walikula kuku na maharagwe. Kwa wafugaji wa pande zile, na wenzao wa Ankole, maziwa yalikuwa chakula chenye heshima yake. Mtu aliyekula nyama au maharagwe alingoja muda kabla ya kunywa maziwa, ati ng'ombe asije akadhurika. Leo twajua kwamba ng'ombe hapati habari ya kilichomo tumboni mwa mtu, wala tumbo lenyewe halidhuriki kwa kuvichanganya. Lakini tazameni hekima iliyofichwa humo. Mtu aliye na ng'ombe wa maziwa hapaswi kuzoea kumtazama kama kitoweo. Miaka thelathini hivi baada ya safari ya Speke ilikuja sotoka, ikaangamiza ng'ombe wa nchi hizi makundi kwa makundi, hata matajiri wakawa maskini kwa muda wa miezi. (Sotoka hiyo haipo tena duniani, ilitangazwa kuwa imekomeshwa mwaka 2011, nayo ni ya pili tu baada ya ndui kufutika kwa kazi ya binadamu.) Wazee waliokumbuka msiba ule hawakuwa watu wa kuchinja ovyo.

Kwetu sisi wa migomba heshima ya ng'ombe ilikuwa na sababu nyingine pia, nayo twapenda kuieleza kwa urefu kidogo, kwa kuwa wanafunzi wengi waliozaliwa mjini hawaijui. Ardhi ya pwani hii ya ziwa huoshwa na mvua nyingi mwaka mzima, na chumvi zake njema huzama chini zisikofika mizizi. Ukitembea rweya, yaani ile nyika ya majani iliyo kati ya vijiji, utaona udongo usiotoa chochote cha maana. Kisha hatua chache mbele waingia katika kibanja, na udongo ni mweusi, migomba imenenepa, kahawa imesimama chini yake na maharagwe chini ya kahawa. Mvua ni ile ile, mwamba wa chini ni ule ule. Kilichofanya tofauti ni samadi. Ng'ombe alipelekwa rweya mchana akala majani, usiku akalala nyumbani, na asubuhi mavi yake yakatandazwa shinani mwa migomba pamoja na majani makavu na majivu. Na hivyo vizazi kwa vizazi. Basi ng'ombe ndiye aliyebeba rutuba ya rweya akaileta kibanjani kwa miguu yake mwenyewe. Kumchinja ilikuwa kama kuvunja jembe ili upate kuni za kupikia jioni moja.

Kwa hiyo nyama ya ng'ombe katika nyumba zetu ilikuwa kitu cha arusi, cha Krismasi, cha Idi, na cha ng'ombe aliyezeeka. Na kitu kikiwa adimu, lazima iwepo kanuni ya kukigawa. Hapo ndipo tunapofika katika neno letu.

Utotoni mwetu, nyama ilipopikwa, kila mtu alijua sehemu yake kabla chungu hakijateremshwa. Babu alikuwa na yake, baba na wageni wake walikuwa na yao, wavulana wakubwa walipata mifupa yenye nyama nzuri. Wasichana na watoto wadogo tulipewa ndizi zilizomwagiwa mchuzi. Na mama akituona tunatazama mifupa ya kaka zetu alitufariji akisema, Kunyweni mchuzi wanangu, nguvu yote ya nyama imetokea humo. Nasi tuliamini. Nadhani mama naye aliamini, maana yeye mwenyewe hakuonja kingine.

Kuku ilikuwa habari nyingine. Firigisi ni ya baba, na mwanamke hakumla kuku kabisa, wala yai. Bibi yetu alifuga kuku miaka yote ya maisha yake akafa bila kuonja yai lao. Na zaidi ya hayo, senene. Msimu ulipofika, mwezi wa Novemba, bibi ndiye aliyeamka gizani kuwakusanya katika umande, ndiye aliyekaa mchana kutwa kuwanyonyoa mbawa na miguu, ndiye aliyewakaanga mpaka nyumba nzima ikanukia. Kisha alimwandalia babu, naye babu kwa shukrani alimnunulia kitambaa. Kula hakuruhusiwa. Tulipomwuliza sababu, alisema mwanamke alaye senene atazaa mtoto mwenye kichwa kilichochongoka kama cha senene. Leo wanawake wa Bukoba hula senene, huwauza sokoni, huwafunga katika mifuko kuwapelekea watoto wao walioko Dar es Salaam, na vichwa vya watoto wa Bukoba ni mviringo kama vya watoto wengine. Tunawaomba wasikilizaji walikumbuke jambo hilo moja: mwiko uliokuwa na nguvu kama ule ulikufa katika maisha ya watu tunaowajua, na mbingu hazikuanguka.

Msidhani kwamba sisi peke yetu ndio tuliodanganyika. Ujerumani alikuwako mwanachuoni mkubwa jina lake Justus von Liebig, mmoja wa waliojenga elimu ya kemia. Yeye aliandika mwaka 1847 kwamba nyama ikichomwa juu kwa moto mkali, gamba lile huziba njia na maji ya nyama hayawezi kutoka. Wapishi wa dunia nzima wakamwamini, na wengi wangali wakimwamini mpaka leo. Walakini watu walipoipima nyama kwa mizani, kabla na baada ya kupikwa, waliona kwamba maji hutoka vile vile. Gamba lile huleta ladha na harufu nzuri, haliletii ulinzi wowote. Liebig alifundisha pia kwamba nyama yaweza kuchemshwa, na maji yake yakakaushwa mpaka yawe kama uji mzito mweusi, na kwamba kijiko cha kitu hicho kina nguvu ya nyama nyingi. Mwaka 1865 ilianzishwa kampuni kwa jina lake, ikajenga kiwanda huko Fray Bentos katika nchi ya Uruguay, ambako ng'ombe walikuwa wengi mno. Karibu kilo 30 za nyama zilitumika kupata kilo moja ya uji ule, na wagonjwa wa Ulaya wakanyweshwa kwa imani kubwa. Baadaye wenye elimu wenzake waliuchunguza wakaona kwamba una ladha tele, una chumvi, lakini kile chakula kijengacho mwili, yaani protini, karibu chote kimebaki katika nyama iliyotolewa.

Mwasikia, wasikilizaji? Ni neno lile lile la mama yetu. Tofauti ni kwamba Liebig alikuwa na maabara.

Mchuzi ni mtamu, nao hulainisha ndizi zikaliwa vizuri, hatuutukani. Walakini protini haitoki ikaja katika mchuzi, na madini ya chuma yaongezayo damu mengi yake hubaki katika mnofu. Anayekula mnofu ndiye anayekula nyama. Tena chakula chetu kikuu ni ndizi, ambazo zina wanga mwingi na protini kidogo mno kuliko hata mahindi. Mtu mzima aweza kujazia kwa maharagwe mengi. Mtoto wa mwaka mmoja tumbo lake ni dogo. Hujaa ndizi kabla hajapata kimjengacho. Basi huonekana ameshiba, mashavu yamejaa, lakini hakui. Uchunguzi uliofanywa nchi nzima mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano ni wafupi kuliko ipasavyo kwa umri wao, na ufupi huo si wa ukoo, ni wa lishe. Na uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba wanawake karibu 45 katika kila 100, wa umri wa kuzaa, wana upungufu wa damu. Mikoa ya migomba, ambayo haijui njaa ya ukame kama mikoa mingine, haikuepuka. Mwanamke mwenye mimba, anayejenga damu ya watu wawili, ndiye tuliyemwambia mchuzi unamtosha.

Na upande wa pili wa kijiji, siku ya Jumamosi, mwanamume ameketi mahali pa nyama choma. Kilo moja imeletwa juu ya ubao kwa watu wawili, na pilipili na chumvi. Hatumlaumu kwa kupenda nyama, sisi nasi twaipenda. Lakini kilo ile ingelitosha watoto sita kwa siku kadhaa, na yeye mwenyewe haimfai kadiri anavyodhani. Wapo wanaoamini kwamba nyama ikizidi, nguvu nazo huzidi. Mwili hauna ghala ya kuweka protini. Iliyozidi huiteketeza kama kuni. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya la Dunia walisema kwamba nyama nyekundu ikizidi yaelekea kuongeza hatari ya saratani ya utumbo, na wengine washughulikao na ugonjwa huo hushauri mtu asipite gramu 350 mpaka 500 za nyama iliyopikwa kwa juma zima. Basi mla nyama wetu wa Jumamosi amekwisha kula ya juma lake kabla jua halijatua, na nyumbani mtoto hajapata ya mwezi.

Mtu wa Ikuza au wa Rubya atasema, Mwalimu, waongea habari za steki nasi hata nusu kilo ni shida. Twakubali. Wala hatusemi mkachinje ng'ombe wa kibanja. Mtoto wa miezi sita na kuendelea hahitaji pande. Ahitaji kidogo, mara kwa mara. Kipande kama kidole gumba, kilichoiva vizuri, kikatwakatwa au kikatwangwa kinuni mpaka kiwe laini, kikachanganywa na ndizi zake. Kukosa nyama, yai. Kukosa yai, dagaa wa ziwa letu, ambao hukaushwa katika visiwa vya Muleba gunia kwa gunia, wakasagwa wakawa unga wa uji. Inatusikitisha kuona gunia hizo nyingi zikienda kuwa chakula cha kuku. Kuku hula dagaa, na mtoto hali dagaa wala kuku.

Na kwa kuwa tumetaja kuiva, wengine huwanyima watoto kwa sababu nyama ya kwetu ni ngumu. Ni kweli, ni ngumu. Ng'ombe amezeeka, ametembea sana, na nyama huuzwa asubuhi ile ile aliyochinjwa, wakati misuli ingali imekakamaa. Wenye vyumba vya baridi huitundika siku nyingi ikalegea. Asiye na chumba cha baridi na atumie mpapai. Utomvu wa mpapai una papaini, kitu kinachokata nyuzi za nyama; mfunge mnofu katika majani yaliyopondwa muda wa saa moja, usizidishe sana isije ikawa kama uji. Tena ukate nyama kwa kuvuka nyuzi zake, usiufuate urefu wake. Bibi zetu walilijua jambo la mpapai bila kitabu.

Turudi sasa kwenye meza yetu ya Bukoba. Nyama iliporudi kutoka jikoni, imeiva, watu walikula kwa furaha, na tulikuwa tumekwisha fika nusu tulipoiona sahani ya yule binti wa Nshamba, tupu, na ya jirani yake ina mapande mawili. Ndipo tulipoona haya. Alikuwa amechanga fedha sawa na wenzake. Tulimwambia kijana arudishe, naye akarudisha upesi, hakuwa na ubaya wowote. Aliona tu kwamba ndivyo mambo yalivyo. Binti akasema, Mwalimu, waitu, sijazoea. Tukamwambia, Basi jaribu. Akala nusu, na nusu nyingine akaifunga katika karatasi kwa ajili ya mama yake.

Sasa yeye ni mwalimu katika wilaya ya Muleba. Baada ya Pasaka alituandikia barua. Alisema alikwenda kwao kwa sikukuu, akanunua kilo mbili kwa mshahara wake, akaomba akate yeye mwenyewe, naye akakata vipande sawa kwa hesabu ya watu wote wa nyumba ile, mama na wadogo zake pamoja. Mama alitaka kurudisha chake chunguni. Baba alivihesabu vipande mara mbili, akatazama sahani za watoto, akauliza kama ng'ombe wa siku hizi wamepungukiwa na miguu. Hakuna aliyejibu. Kisha akanawa mikono, akala.